Njia Mbili Ndani ya Bomba Moja

Mkutano ulianza saa tatu asubuhi, na kufikia saa tatu na dakika kumi Mkato alikuwa ameshamtukana shemeji yake mara mbili bila kutumia tusi hata moja.

Mara ya kwanza alimwita "mama yetu wa ramani za karatasi." Mara ya pili alimwomba amsogezee waya wa projekta, utadhani mwanamke yule, aliyepanga njia za mtandao kwa miaka kumi na tisa, ameitwa pale kufunga vifaa. Watu wanane waliozunguka meza waliinamia vikombe vyao. Walijua hawa wawili ni familia, na ugomvi wa familia ni kama waya wa umeme uliochubuka: unauona, unauruka, unakwenda zako.

Kazini kila mtu alimwita Mama Ramani. Mkato alikuwa mdogo wa mumewe, na jina hilo lilitokana na njia ya mkato, kwa sababu tangu ujana wake hakupata kuona njia ndefu asiitafutie fupi. Miaka minne yote ya chuo aliishi nyumbani kwa Mama Ramani. Alikula kwake, alifuliwa kwake, alifundishwa kusoma ramani za kebo juu ya meza ya kulia chakula. Hata barua yake ya kuomba kazi, shemeji ndiye aliyeipeleka. Sasa ilikuwa miezi minane tangu apewe kiti cha mkuu wa mipango, kiti ambacho hata mfagizi wa ofisi alijua ni cha nani. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hapigi teke huku anatabasamu.

"Programu imepima njia elfu kumi na mbili kwa dakika nne," Mkato alisema, akionyesha ukutani. "Jibu ndilo hili."

Kampuni yao ilisafirisha mawasiliano kati ya mji wa juu na mji wa chini kwa nyuzi za kioo. Ndani ya uzi mwembamba kama unywele hupita mwanga, na ndani ya mwanga hupita kila kitu: simu za watu, picha za mifupa na vifua kutoka hospitali ya rufaa, namba ya dharura ya zimamoto. Ila mwanga nao huchoka. Baada ya masafa fulani lazima uwekewe kituo cha kuukuza, na kila kituo kinataka umeme, jenereta, mlinzi na fundi. Kwa hiyo mpangaji ana maswali mawili maisha yake yote: mwanga upite wapi, na vituo vikae wapi, ili gharama ipungue na watu wasikatikiwe.

Kati ya miji hiyo kulikuwa na mto. Njia ya kwanza ya kebo ilifuata barabara na kuvuka darajani. Ya pili, kwa mujibu wa mchoro, ilipita chini ya mto wenyewe, mita mia tatu kutoka darajani. Ya tatu ilipanda milimani, ikauzunguka mto kwenye chanzo chake: kilomita mia mbili na arobaini, na vituo vitatu njiani. Mkato alitaka hii ya tatu ifungwe, pamoja na vituo vyake vyote.

"Zinabaki mbili," alisema. "Moja ikikatika, mwanga unahamia nyingine kabla hujakohoa. Ya tatu ya nini? Mtu ana miguu miwili, na anatembea."

Watu walicheka. Mkurugenzi, mwanamume mfupi aliyependa mambo yanayoeleweka haraka, alicheka kuwazidi.

"Hizo mbili si mbili," Mama Ramani alisema.

"Unasemaje?"

"Nasema ziko karibu mno. Mto ule mkorofi. Usifunge mlima."

"Kwa ushahidi gani?" Mkato aliukuza mchoro mpaka ukajaa ukuta mzima. "Njia ya pili iko mita sita chini ya mto. Imechorwa, imekaguliwa, imesainiwa. Programu yangu inapokea namba, shemeji. Haina sehemu ya kujaza kinyongo cha mtu aliyekosa cheo."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Ramani alifungua mdomo, akaufunga. Mkurugenzi alisema mpango utapitishwa baada ya wiki mbili, kama hakutakuwa na pingamizi la maandishi, akainuka.

Kilichomfunga Mama Ramani mdomo ni hiki. Miaka kumi na moja nyuma yeye mwenyewe alisimamia uvushaji wa njia ya pili. Mashine ya kuchimba iliingia chini ya mto, ikakuta mwamba, ikavunjika meno. Ikaletwa nyingine, nayo ikavunjika. Zilibaki siku tano mradi ukabidhiwe, na bosi wa wakati ule alikuwa anapiga simu kila saa akifoka. Basi Mama Ramani akaamuru kebo ya pili ivutwe kwa muda ndani ya bomba lile lile la darajani, ubavu kwa ubavu na ya kwanza. Mchoro ulikuwa umeshachapwa unaonyesha kebo chini ya mto. Akausaini. Alijiambia watarudi kiangazi kuchimba upya. Kiangazi kilikuja, bosi akahama, na hakuna aliyerudi. Dhamiri yake iliegemea mlima: daraja hata likizama lote, mwanga utazunguka kwa juu. Kwa miaka kumi na moja uongo ule haukumdhuru mtu, na sasa Mkato alitaka kuuondoa mlima.

Siku mbili baada ya mkutano, Mama Ramani alikwenda darajani na Fundi Kioo, mzee wa kuunga nyuzi, mtu mwenye vidole vinene ajabu kwa kazi nyembamba kama ile. Hakumweleza kitu. Alitumaini moyoni kwamba pengine mtu fulani, mwaka fulani, alirekebisha bila kumwambia.

Waliinua mfuniko wa chemba kwa mtaimbo. Ndani mlikuwa na tope, mende, na mdomo wa bomba moja lililotokeza kebo mbili, moja nyeusi, moja ya rangi ya machungwa. Fundi Kioo alishuka, akampigia mwenzake aliyekuwa kituo cha bondeni mbele ya kipimo cha njia ya pili, akaigonga ile ya machungwa kwa mpini wa bisibisi.

"Gonga tena," simu ilisema. "Naam, naiona inatikisika. Ndiyo hiyo."

Fundi Kioo alipanda juu, akafuta mikono kwa suruali. Aliutazama mto, akamtazama yeye.

"Mama, mimi nimeambiwa miaka yote kwamba hii imelala chini ya maji."

"Uliambiwa na nani?"

"Na karatasi."

"Basi piga picha, turudi."

Mama Ramani alirudi ofisini na picha kumi na mbili, na wazo lisilo safi. Aliona kwamba picha peke yake zingemuumbua Mkato: mkuu wa mipango asiyejua kebo zake zinapita wapi! Mchoro wenye saini ungepotea masjala, kama karatasi nyingi zinavyopotea, na asingeulizwa mtu. Alishuka masjala saa ya chakula, wakati mtunza nyaraka hayupo mezani. Alijua kabati, alijua droo. Akavuta faili, na mahali pa mchoro akakuta kipande cha karatasi chenye mwandiko anaoufahamu vizuri, maana yeye ndiye aliyeunyoosha enzi za chuo: *Umeazimwa na Mkuu wa Mipango.*

Mkato hakuwa mjinga. Aliishi na mwanamke yule miaka minne, na alijua sura yake akiwa na jambo moyoni. Baada ya ule mkutano hakujiuliza shemeji anaogopa nini. Alikwenda moja kwa moja kutazama aliyesaini ni nani, kisha akamkamata fundi wa kituo cha bondeni, akamuuliza ni nini kile kilichogongwagongwa. Kufikia Ijumaa alikuwa na hadithi nzima.

Jumamosi mchana alifika nyumbani kwao bila kubisha hodi, kama enzi za chuo. Mama Ramani alikuwa anakunja nguo. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa anasahihisha madaftari.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Karibu ukae."

Mkato hakukaa. Alitandaza mchoro juu ya madaftari ya kaka yake, akaweka kidole kwenye saini.

"Muulize mkeo huu mwandiko wa nani."

Mwalimu aliinama. "Wake. Kuna nini?"

"Kuna kifungo, wakitaka. Kuna kufukuzwa bila kiinua mgongo, wakiwa na huruma." Akamgeukia shemeji yake. "Lakini mimi si mtu mbaya. Wewe huandiki pingamizi lolote. Unasaini mpango wangu kama mpangaji mwandamizi, kila ukurasa. Mchoro huu unarudi masjala, unalala usingizi wake. Mwaka kesho tutaomba fedha za kuchimba chini ya mto kimyakimya, kwa jina la ukarabati."

"Na mwaka huu?" aliuliza. "Lori likigonga lile daraja mwaka huu?"

"Limesimama miaka arobaini."

"Umeshajua kwamba ni bomba moja, na bado unataka kufunga mlima."

"Nimeshajua kwamba ni bomba *lako*."

Alikunja shuka, akalinyoosha kwa kiganja, akaliweka juu ya mengine.

"Toka nyumbani kwangu," alisema.

"Nyumbani kwa kaka yangu."

Wote wawili walimtazama Mwalimu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa mtu mwema, wa kupenda amani, na watu wa kupenda amani mara nyingi huinunua kwa mali ya mwenzao.

"Mama watoto," alisema taratibu, "hebu tulifikirie. Ni mdogo wangu. Na anakupa njia ya kutokea. Saini ni saini tu."

"Wewe pia?"

"Sisemi kwamba yuko sawa. Nasema yaishe."

"Kazini mimi ni mpangaji," alisema. "Kumbe na humu ndani mimi ni mpangaji tu? Nikusanye vyangu nikulipe na kodi ya mwezi?"

Mkato alicheka puani, akakunja mchoro wake. "Una mpaka Jumatano," akasema, akatoka, akauacha mlango wazi.

Hawakusemeshana, mume na mke, Jumamosi ile wala Jumapili. Yeye alikaa na ramani kwenye meza ya chakula, na Mwalimu akahamishia madaftari yake chumbani. Kilichomchoma zaidi si kitisho. Ni kwamba Mkato alikuwa na haki nusu: njia tatu zilikuwa ghali kweli, na kila mwaka kampuni ilimwaga dizeli milimani kukuza mwanga ambao ungeweza kupita kwa bei nafuu zaidi. Akaanza upya, kwa penseli. Njia ya pili ni ya uongo, basi ifutwe, na mitambo yake mipya yenye nguvu ing'olewe. Ipelekwe mlimani. Kwa mitambo ile mwanga hauhitaji kupumzika kila kilomita sitini. Unaweza kuruka themanini. Vituo vitatu vinakuwa viwili. Kimoja kihamie karibu na machimbo ya mawe, ambako umeme wa gridi umefika, na jenereta iuzwe. Itahitajika kebo mpya ya kuunganisha huko. Akapiga hesabu mara tatu. Uokoaji ulikuwa kama theluthi mbili ya ule wa Mkato, na mwisho wake unabaki na njia mbili ambazo hazionani mahali popote.

Ulikuwa mpango mzuri kuliko wote aliowahi kuuchora, na asingeweza kuueleza bila kwanza kusema kwa nini njia ya pili ni ya uongo.

Jumatano alivaa viatu vyake vya mikutano. Mkato alikuwa amemwandalia kalamu, ameiweka juu ya nakala iliyofunguliwa ukurasa wa saini.

"Kabla ya kusaini," alisema Mama Ramani, "nina maneno." Akagawa picha za chemba mkono kwa mkono. "Hizi ni kebo za njia ya kwanza na ya pili. Bomba moja, darajani. Mchoro unaosema nyingine iko chini ya mto ni wa uongo, na aliyeusaini ni mimi. Mwamba ulitushinda, muda ukatuishia, nikasaini. Sikulazimishwa kwa bunduki. Nilitaka kulala usingizi siku ile, basi."

Mkurugenzi alizipokea picha, akahesabu kwa vidole miaka tangu njia ya pili iwashwe.

"Miaka kumi na moja?" Mkurugenzi aliuliza.

"Na miezi miwili."

"Na hospitali imekuwa ikiambiwa ina njia mbili chini kule?"

"Imekuwa ikiambiwa hivyo, ndiyo. Mlima ndio ulioiokoa. Ndiyo maana nasema msiufunge."

Mkurugenzi akamgeukia Mkato, uso umemwiva. "Wewe ulijua?"

"Muulize alikuwa na mchoro huu wapi Jumamosi," Mama Ramani alisema. "Sebuleni kwangu. Alikuja kuniuzia ukimya."

Mkato hakupepesa hata jicho. "Nilikuwa nafanya uchunguzi, Mkurugenzi. Nilimfuata nyumbani ajieleze kwanza, kwa sababu ni mke wa kaka yangu na sikutaka kumchafulia mtu jina kabla ya kuwa na hakika. Nashukuru amekiri mwenyewe." Akatikisa kichwa kwa huzuni, huzuni iliyopigwa pasi. "Nilikuwa nitawaletea taarifa leo hii."

"Uongo huo!"

"Kaka alikuwepo. Tumwite?"

Mama Ramani alijua hatamwita. Mwalimu angefuta miwani mbele ya watu wanane, aseme yaishe. Alimtazama kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusoma ramani, akamchukia. Akaisukuma penseli yake na karatasi katikati ya meza.

"Basi someni na hii," alisema. "Mkishaisoma, nifukuzeni."

Hawakumfukuza. Mpango wake ulieleweka haraka, na hiyo ndiyo lugha ya Mkurugenzi. Wiki moja baadaye barua mbili zilitoka. Moja ilimvua Mama Ramani kazi ya mipango na kumpeleka stoo kuu, mshahara umekatwa robo, onyo la mwisho. Nyingine iliidhinisha ujenzi wa njia mpya ya mlimani na kumkabidhi usimamizi Mkuu wa Mipango.

Mama Ramani alikabidhi ofisi mchana mmoja. Mkato alisimama mlangoni akihesabu mafaili kwa kidole, kama anayemlinda mwizi asitoke na vijiko.

"Hukuwa na haja ya kujichoma ili uniunguze," alisema alipobaki naye peke yake.

"Ningekuwa na moto wa kukuunguza wewe, ningeuwasha ukiwa bado unakula kwangu."

"Umenitia doa."

"Na wewe umechukua mpango wangu. Hama mlangoni nipite."

Stoo kuu ilikuwa banda refu la mabati, lenye magurudumu makubwa ya mbao yaliyoviringiwa kebo na vumbi lisilokwisha hata ungelifagia mara tatu kwa siku. Alipewa kaunta, daftari, na muhuri. Kebo haikutoka bila muhuri wake. Mwezi wa pili ilifika fomu ya Mkato: kebo ya kituo cha machimbo, kilomita kumi na moja.

Mama Ramani aliisoma, akaandika juu yake kwa herufi kubwa *HAITOSHI*, akairudisha. Ikarudi kesho yake na maneno makali. Akairudisha. Siku ya tatu Mkato alishuka mwenyewe, shati jeupe, vijana wa stoo wakajifanya wana kazi nyuma ya magurudumu.

"Tatizo nini?"

"Kilomita kumi na moja ni kwa ndege. Kebo haina mabawa."

"Programu imetoa kumi na moja."

"Programu haijafika kule. Wewe je?"

Mkato aliisukuma fomu tena mbele yake.

"Ukiishiwa kebo, utaunga katikati ya kinamasi," Mama Ramani alisema. "Kila kiungo kinakula mwanga. Utafika kituoni na mwanga wa mshumaa, halafu utasema mpango wa yule mama ulikuwa mbovu. Sikupi."

"Naweza kukuripoti."

"Watanipeleka wapi? Chini ya stoo kuna udongo." Alifunga kikopo cha wino wa muhuri. "Chukua Fundi Kioo, mwende na gurudumu la kupimia. Kwa miguu. Ukileta kipimo cha kweli nitakupa siku hiyo hiyo."

Mkato aliinyakua fomu yake. Alimwita jina moja baya, kwa sauti ya chini, ambalo mtu hamwiti mke wa kaka yake. Kisha akaondoka.

Alirudi baada ya siku nne. Shati lilikuwa limechanika kwapani, na mkono mmoja umekwaruzwa na miiba kutoka kiwiko mpaka kifundo. Aliweka karatasi juu ya kaunta bila salamu: kilomita kumi na tatu na mita mia nne. Mama Ramani aliikagua hatua kwa hatua, kila kona, kila korongo. Ilikuwa kazi safi, aliyoifundisha yeye. Akaongeza asilimia tano ya akiba, akaandika, akapiga muhuri.

"Saini hapa. Na hapa. Kila gurudumu peke yake."

Akasaini. "Kwenu sitakanyaga tena," alisema.

"Kaka yako anajua kwako ni wapi."

Ikawa hivyo. Mwalimu alikwenda kumwona mdogo wake Jumapili moja moja, peke yake, na aliporudi hakusimulia, wala mkewe hakuuliza. Aliporudisha madaftari yake kwenye meza ya chakula, mkewe alimsogezea taa. Lile la "wewe pia" lilibaki kati yao, na hakuna aliyeliokota.

Njia mpya iliwashwa mwezi wa saba. Fundi Kioo alikuja stooni kumweleza: mwanga umefika mji wa chini ukiwa na nguvu kuliko walivyotarajia, na vituo viwili vinatosha kabisa. Alicheka kama aliyeoza binti. Mama Ramani alimuuliza viungo vilikuwa vingapi, akaambiwa vitatu, akaitikia kwa kichwa.

Ripoti ya mradi ilikuwa na kurasa arobaini na mbili. Jina lake lilitokea mara moja, ukurasa wa sita, kwenye maelezo ya kosa la zamani. Mkato alishukuriwa ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Mama Ramani aliisoma yote akiwa amesimama kaunta, akasahihisha kwa kalamu nyekundu umbali wa kituo cha pili, uliokosewa kwa mita mia nne, akairudisha juu bila barua.